Tupeane uzoefu: kuandika kwa herufi kubwa tupu kwenye meseji na matangazo

Mwanangamiani
Wakuu, habari za Tanga. Uzi huu ni wa wanaoandika matangazo: makatibu wa vikundi, wenye stashenari, walimu, watu wa misikiti na makanisa. Kuanzia Ngamiani, Makorora hadi Pongwe, magrupu ya mtaa yamejaa matangazo ya herufi kubwa mwanzo mwisho. Anayeandika anaamini anaonekana vizuri zaidi. Anayepokea anahisi anafokewa, na asiyeona, simu yake inamsomea ovyo. Wanaojua kazi hii waweke hatua, sababu na dawa.

Karani wa Chumbageni
Mazoea haya yana asili yake. Taipureta haikuwa na herufi nene, hivyo kichwa cha barua kilipigwa kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari: YAH: OMBI LA LIKIZO. Fomu nazo zinasema "jaza kwa herufi kubwa" kwa sababu mwandiko wa kuunganisha humtesa anayesoma. Kwenye simu sababu hizo zote mbili hazipo.

Hata waliolazimishwa na mashine wameacha. Teleprinta za zamani, yaani mashine za kutuma na kuchapa ujumbe kwa waya, zilikuwa na herufi kubwa tu. Jeshi la Majini la Marekani liliondoa sharti la kuandika ujumbe kwa herufi kubwa tupu mwaka 2013, na idara yao ya hali ya hewa ikafuata tarehe 11 Mei 2016. Na mwongozo wa adabu za intaneti uitwao RFC 1855, wa Oktoba 1995, ulishasema kuwa herufi kubwa tupu zinasomeka kama kupiga kelele. Kwa hiyo kijana akiuliza "mbona unafoka?" hakukosei heshima, ndivyo alivyozoea kusoma.

Mkufunzi wa wasioona
Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye madhara. Wanaomaliza shule ya wasioona ya Irente kule Lushoto na wengine wasioona hutumia kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini: TalkBack kwenye Android, VoiceOver kwenye iPhone, NVDA kwenye kompyuta, ambayo ni ya bure na ina sauti ya Kiswahili ya eSpeak NG.

Sauti hizi hukisia kama herufi kubwa zilizofuatana ni neno au kifupisho. Katika sentensi ya kawaida, TRA au SLP inajitenga yenyewe. Ukiandika kila kitu kwa herufi kubwa, alama hiyo inapotea. Neno refu kwa kawaida husomwa salama, lakini baadhi ya sauti huyataja maneno mafupi herufi moja moja. Na mtu akitaka kuhakiki jina herufi kwa herufi, NVDA hupandisha sauti au hutaja kuwa ni herufi kubwa, kulingana na mpangilio wake. Jina zima likiwa la herufi kubwa, inachosha sana.

Jaribu mwenyewe. Kwenye Android ingia Mipangilio, kisha Ufikivu, kisha TalkBack, na uwashe pia njia ya mkato. Baada ya hapo, kubonyeza vitufe viwili vya sauti kwa sekunde 3 kunaiwasha na kuizima. Ikiwa imewaka, kugusa mara moja ni kuchagua tu. Kufungua ni kugusa mara mbili, na kusogeza ukurasa ni kwa vidole viwili. Wengi hudhani simu imeharibika kwa kutojua hilo.

Jambo jingine: watumiaji wengi wa NVDA hukifanya kitufe cha Caps Lock kuwa kitufe cha amri. Ukikibonyeza mara mbili haraka kinarudia kazi yake ya kawaida, na mtu anaweza kuandika aya nzima kwa herufi kubwa bila kujua. Msimseme. Mwelekezeni kwenye mipangilio ya kibodi ya NVDA awashe mlio wa tahadhari. Utalia akiandika herufi kwa Shift huku Caps Lock imewaka.

Kuna mahali herufi kubwa ni msaada wa kweli, nayo ni hashtagi. #usafiwajijilatanga husomwa kama neno moja lisiloeleweka. #UsafiWaJijiLaTanga hutenganishwa vizuri.

Na tafadhali, acheni zile herufi za mapambo zinazonakiliwa kwenye tovuti. Zinaonekana nene au za kuviringika, lakini kwa mashine ni alama za hisabati. Kisoma skrini huzitaja kwa majina marefu ya ajabu au huziruka kabisa.

Fundi simu Mgandini
Naongezea hapo kwenye mapambo: ukituma SMS ya kawaida, herufi moja tu ya aina hiyo inashusha ujazo kutoka herufi 160 hadi 70. Kikundi kinachonunua SMS kwa wingi kinalipa zaidi kwa ujumbe uleule.

Mkazo kwenye WhatsApp ni nyota: \*saa 4 asubuhi\* inakuwa nene. Nyota zishikane na maneno, ukiacha nafasi ndani yake haifanyi kazi. Kwenye Gboard, yaani kibodi ya Google, mshale wa juu ukiguswa mara mbili unajifunga. Angalia kistari chini yake, ugonge tena kufungua. Ukishaandika vibaya usifute: chagua maneno, gonga mshale huohuo, herufi zitabadilika. Kitochi chenye vitufe hubadili kwa #.

Stashenari Makorora
Mteja akileta hotuba nzima ya herufi kubwa kwenye Word au LibreOffice, chagua yote, bonyeza Shift+F3 mpaka ifike mtindo unaoutaka. Halafu soma tena, hili halina njia ya mkato: Tanga inakuwa tanga, TRA inakuwa tra.

Kwa orodha ya majina kwenye Excel, =PROPER(A2) inasaidia, maana huacha herufi kubwa mwanzoni mwa kila neno tu, ila inakwama kwenye alama ya king'ong'o (ng'). Mng'aro ya Lushoto inatoka Mng'Aro. Zitafute zote zenye alama hiyo uzirekebishe kwa mkono.

Bi Raskazone
Wazee wetu je? Wengine huandika hivyo kwa kuwa macho yamepungua nguvu. Kwa ukubwa uleule wa maandishi, herufi kubwa kweli ni ndefu zaidi, na neno moja moja wanalisoma kwa urahisi. Kumwambia "mzee usifoke" mbele ya watu si adabu. Mfuate pembeni, shikamoo kwanza, kisha mkuzie maandishi: Mipangilio, upande wa skrini, ukubwa wa fonti. WhatsApp nayo ina ukubwa wake kwenye mipangilio ya chati. Kwenye maandishi yaliyokuzwa, herufi kubwa hula nafasi, na maneno yetu marefu kama WATAKAOSHIRIKI hukatika katikati.

TANZIA juu ya tangazo la msiba iachwe, ni neno moja na kila mtu analijua. Vivyo hivyo HATARI. Yanayofuata yaandikwe kawaida. Na bango la picha liambatane na maandishi yaleyale chini yake.

Mwanangamiani
Asanteni sana. Kuna hili limetumwa leo: "MKUTANO WA AMANI JUMAMOSI SAA NNE WOTE TUFIKE". Mngeliandikaje?

Karani wa Chumbageni
Muulize kwanza mwandishi: ni mkutano wa kuombea amani, au ni wa watu wa Amani kule Muheza? Herufi kubwa zimeficha hilo. Kama ni Muheza:

\*Mkutano wa Amani, Jumamosi saa 4 asubuhi\*
Mahali: (taja jengo). Wote tunaombwa kufika.