MREJESHO: Filamu za kuangalia na mama, hapa Lamu

Wiki tatu nyuma niliuliza filamu gani za huzuni naweza kuangalia na mama, asiyesoma maandishi ya tafsiri. Asanteni sana mlionijibu.

Tulianza na Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021). Zanzibar ile ya miaka ya 1950, vichochoro vyake kama vyetu vya Mkomani! Yasmin alipomkimbia yule mume mzee, mama akanyamaza kabisa. Baadaye akanisimulia habari za shangazi yake ambazo sijawahi kuzisikia. Nililia, kusema kweli.

Supa Modo (2018) nayo, mtoto Jo anaumwa na kijiji kizima kinamtengenezea filamu yake. Mama aliomba turudie mwisho.

Nairobi Half Life haikwenda. Mimi niliipenda mno, lakini sheng ilimshinda mama, akaenda kulala kabla ya nusu.

Aliyeshauri tutundike shuka la kuonyeshea filamu nje, juu darini: upepo wa kusi ulilijaza kama tanga, picha ikayumba. Tulihamia ukutani ndani, chokaa nyeupe, na picha ikatulia. Ijumaa tunarudia Vuta N'Kuvute, majirani wameomba waje.