Bonde la Mosel, Ujerumani, na watoto: tuanzie wapi?

Mama Baraka, Kasarani
Hamjambo wenzangu. Agosti tunamtembelea shemeji yangu Koblenz, na natamani sana tutembee kwa miguu kwenye vilima vya mizabibu. Kifungua mimba ana miaka 9, msitu wa Karura huuzunguka bila kulalamika. Mdogo ana 4. Wataweza?

Baba Zuri
Wataweza, mama, mradi mchague njia. Shukeni treni Moselkern, mfuate kijito cha Elzbach msituni mpaka ngome ya Burg Eltz. Ni kama kilomita 5, kivuli tele. Wangu walirusha mawe majini njia nzima, kwa hiyo tokeni mapema. Ngome hiyo iko mikononi mwa ukoo uleule kwa zaidi ya miaka 800. Binti yangu hadi leo anaisimulia.

Mpenda Milima
Kilima cha Calmont, pale kijiji cha Bremm, msimpeleke wa miaka 4, nakusihi. Mteremko ni mkali mno, na kijia kina ngazi za chuma na kamba za waya. Nendeni mji wa Cochem: mnapanda kilima kwa viti vya kuning'inia kwenye waya, mnashuka kwa miguu. Mvua ikinyesha, yale mawe bapa meusi chini ya mizabibu yanateleza vibaya, vaeni viatu vyenye meno. Na watoto waonje juisi ya zabibu ya huko!

Mama Baraka
Asanteni sana. Kigari cha mtoto je?

Baba Zuri
Msituni kuna mizizi, mbebe mgongoni. Kigari kitafaa njia ya baiskeli kando ya mto.