Uvimbe wa ubongo si kansa na umeshapasuliwa: mionzi mara 30 ya nini?

Mtoto wa Kibirizi
Wakuu, za jioni. Mama yangu, miaka 61, wa Kigoma, alipasuliwa kichwa Februari huku Dar. Majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara yametoka: meninjioma, yaani uvimbe wa utando unaofunika ubongo, daraja la kwanza, siyo kansa. Sehemu kubwa imetolewa, ila kipande kama punje ya harage kimeachwa kwa sababu kimeng'ang'ania mshipa mkubwa wa damu. Daktari wa upasuaji anasema tusubiri, picha ya MRI kila miezi sita. Wa mionzi, kule Ocean Road hospitali ya kansa, anasema tumalize kazi: mara 30, siku tano kwa wiki. Nyumbani tumegawanyika. Kaka yuko na kusubiri, dada yuko na mionzi, mimi niko katikati nalipa nauli. Kitu ambacho si kansa kinapigwa mionzi kwa nini? Na je, ndiyo kawaida kwa kila aliyebakiwa na kipande?

Ngosha wa Mabatini
Mkuu, ukiona umeelekezwa Ocean Road ujue ni kansa. Hayo mengine ni lugha ya kukutuliza.

Dada wa Mionzi
Ngosha, maneno kama hayo ndiyo yanafanya watu watoroke wodini. Kila wiki nalaza mezani watu wasio na kansa: wa meninjioma, wa tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, wa uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa sikio. Fuvu halitanuki. Uvimbe uwe mpole, uwe mkali, ukikua unakandamiza.

Mleta mada, shida ni hicho kipande. Simpson, daktari wa upasuaji wa ubongo, aliandika mwaka 1957: waliotolewa uvimbe pamoja na mzizi wake kwenye utando, uliwarudia 9 kati ya 100. Waliotolewa nusunusu, 44. Mionzi inakuja hapo. Na tuelewane, haiyeyushi uvimbe, inausimamisha. Watu wakiona kitu bado kipo kwenye picha wanadhani wameibiwa hela.

Mjukuu wa Mganga
1957! Tanganyika hata uhuru bado, MRI haijazaliwa, na bado mnatupimia kichwa kwa kitabu hicho hicho.

Dada wa Mionzi
Kwa hiyo MRI ilipokuja, mizizi ikaacha kuota?

Bint Chumbageni
Hamsemi kwamba mionzi yenyewe inaleta huo huo uvimbe. Israeli, miaka ya 50, walipiga mionzi vichwa vya watoto, maelfu, kisa mapunye. Walipokuwa watu wazima wakapata meninjioma kuliko wenzao. Sasa unazima moto kwa petroli?

Ngosha wa Mabatini
Mionzi kwa ajili ya mapunye 😂 Mapunye si ugonjwa, ni uchafu. Sisi tuliokuwa tunaogeshwa hatuyajui.

Mzee Kaptura
Wee Ngosha, uchafu wa nani? Nimesoma bweni la serikali, tunaoga maji ya baridi alfajiri kama wafungwa, na mapunye yalipita kitanda kwa kitanda kwa sababu ya mashine moja ya kunyolea. Ni fangasi. Mwalimu wa zamu anakusugua na gunzi mpaka damu, halafu anakupaka GV. Picha yetu ya darasa la nne ninayo hapa, tumejipanga mstari vichwa vya zambarau. Leo unatuita wachafu?

Ngosha wa Mabatini
Pole mzee, kumbe nimegusa kidonda. Tena cha zambarau.

Shangazi wa Kilwa
Sisi tulisuguliwa ndimu na chumvi. Nikikumbuka hadi leo kichwa kinawasha.

Mzee Kaptura
Shangazi, ndimu afadhali. Gunzi lilikuwa moja kwa bweni zima.

Dada wa Mionzi
Jamani! Bint Chumbageni, habari ya Israeli ni kweli, ila umeikata kiuno. Wale walikuwa watoto, wakapigwa kichwa kizima, enzi hizo griseofulvin, dawa ya fangasi ya kumeza, bado haijaingia. Na uvimbe ulichukua miongo kutokea. Mama wa miaka 61 si mtoto wa miaka saba. Angekuwa kijana wa 25 na kipande hicho hicho, hata mimi ningesita.

Bint Chumbageni
Nimeikata kiuno? Watu wa hospitali mkiulizwa swali mnakuwa wakali. Ndiyo maana tunaenda kusoma wenyewe.

Dada wa Mionzi
Soma, dada yangu, lakini soma mpaka chini.

Mjukuu wa Mganga
Mnapoteza muda. Mpelekeni Nairobi kuna Gamma Knife, siku moja tu mtu amemaliza, anarudi na basi la usiku.

Fundi Viatu
Ile ya hospitali ya Kenyatta University ni CyberKnife, siyo Gamma Knife. Na zote mbili ni mashine za mionzi, hazina kisu. Gamma Knife aliianzisha Msweden, Lars Leksell: miale karibu 200 ya kobalti inakutana nukta moja, kila mmoja peke yake dhaifu. Inafaa kipande kidogo kisichogusa mshipa wa fahamu wa jicho. Ukisikia "kisu" ukadhani watu wanachanja.

Mjukuu wa Mganga
Fundi viatu anatufundisha ubongo. Tanzania raha sana.

Fundi Viatu
Mke wangu alikuwa na uvimbe wa pituitari. Jina la utani halinizuii kusoma cheti.

Kimyakimya
Mnasema "subiri" kama vile kusubiri ni bure. Kusubiri ni MRI mbili kwa mwaka, kutoka Kigoma, kwa miaka. Kabla ya kuchagua, ulizeni kama mama atarudi kweli kila miezi sita. Mwenye kukosa nauli hasubiri, amepotea tu.

Mha Halisi
Kigoma si mwisho wa dunia, bwana. Kila kitu kibaya mfano ni Kigoma. Barabara ipo, ndege ipo.

Mzee wa Ilagala
Barabara ipo, mwanangu, ila fedha ndiyo haipiti. Mke wangu alikuwa na meninjioma hiyo hiyo, si kansa, naye akabakiwa na kipande; alipigwa hiyo mara 30 mwaka 2019. Siku ya kwanza wanachukua bamba la plastiki lenye matundu, wanalitosa maji ya moto, likilainika kama unga wa chapati wanalibandika usoni. Likipoa ndiyo kofia yake. Anafungwa nayo mezani kila siku asitikisike. Anatoka na vyumbavyumba kwenye paji la uso kama ubao wa drafti. Maumivu hamna. Wiki ya tatu nywele zikaondoka upande wa kulia tu, akawa analala mchana kutwa. Tulifikia Sinza kwa shemeji. Wiki sita kwa shemeji ni uvimbe mwingine.

Kipande kipo, hakijaongezeka. Ile plastiki tulipewa, iko juu ya kabati. Mjukuu anaivaa kutishia kuku.

Ngosha wa Mabatini
Mzee, kwa hiyo haikuwa kansa?

Mzee wa Ilagala
Mbona nimeshasema.

Mtoto wa Kibirizi
Nimesoma zote, pamoja na mapunye. Jumatatu tunarudi kliniki. Mama anasema kama kipande kitakaa kimya na yeye atakaa kimya, ila kuja Dar mara mbili kwa mwaka hataki kusikia, na Ocean Road hataki majirani wasikie. Kaka kanuna. Mwenye kujua chumba cha kupanga kwa wiki sita, karibu na hospitali, anitumie ujumbe, tukiamua hivyo.

Mzee Kaptura
Kijana, samahani. Mama hakuwahi kupata mapunye?

Mtoto wa Kibirizi
Nimemuuliza sasa hivi. Alipata, Ujiji. Walimpaka majivu.