Upanga dhidi ya deraya: gemu za zama za kati zina ukweli kiasi gani?

Mlinzi wa Ngome
Salaam ndugu zangu. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikicheza Kingdom Come: Deliverance, gemu iliyotolewa mwaka 2018 na kampuni ya Warhorse ya Prague. Hadithi yake inatokea Bohemia, ambayo leo iko Jamhuri ya Czech, mwaka 1403, Mfalme Wenceslas IV akiwa kifungoni na majeshi ya Sigismund, nduguye wa baba mmoja, yakiivamia nchi. Kinachonitatiza ni mapigano. Katika gemu nilizozoea, upanga ukipita kifuani pa askari aliyevaa chuma, huyo ameanguka. Humu nampiga mtu mapigo kumi na bado ananifuata. Mdogo wangu anasema watengenezaji wametia ugumu wa makusudi ili mchezo usiishe upesi. Je, ndivyo, au deraya, yaani vazi la chuma la vitani, ilikuwa na nguvu kiasi hicho? Na kama ilikuwa nayo, mtu aliwezaje hata kutembea akiwa ndani yake?

Fundi Chuma
Mdogo wako amekosea, lakini hayuko peke yake. Mimi ni mchomeleaji, na ninakuhakikishia kwamba bamba la chuma la milimita 2 lililofuliwa likawa na mbinuko halikatwi kwa upanga. Makali huteleza na mkono wako ndio unaoumia. Kumbuka pia kwamba upanga mrefu wa mikono miwili wa wakati ule ulikuwa na uzito wa kilo moja na nusu hivi, wala si yale mabapa mapana kama kasia ambayo gemu nyingine huwapa mashujaa wake. Deraya kamili ya vitani ilikuwa na kilo 20 hadi 25, na askari wengi wa leo hubeba zaidi ya hapo. Tofauti ni kwamba mzigo wa leo unaning'inia mgongoni, ilhali deraya iligawanywa mwilini kote, kila kipande kikifungwa kwa mikanda mahali pake. Wasifu wa Boucicaut, jemadari wa Ufaransa aliyetekwa katika vita vya Agincourt mwaka 1415, unasimulia kwamba alikuwa akirukia farasi wake hali amevaa chuma.

Msomaji wa Kale
Naongezea alipoishia Fundi. Kwa kuwa makali hayakufaa kitu mbele ya bamba, mpiganaji alibadilisha matumizi ya upanga wenyewe: mkono mmoja ulibaki kwenye mpini na wa pili ukashika bapa katikati, ili ncha iongozwe kama mkuki mfupi kuelekea kwapani, kinenani au kwenye upenyo wa macho. Fiore dei Liberi, mwalimu wa silaha wa Italia, alichora mbinu hizo mwanzoni mwa karne ya 15. Wajerumani walikuwa na pigo jingine, la kuushika upanga kwa bapa na kumponda adui kwa mpini kana kwamba ni nyundo. Gemu ya Mordhau ya mwaka 2019 imechukua jina la pigo hilo. Ushahidi wa kusikitisha zaidi uko Visby, katika kisiwa cha Gotland nchini Sweden, ambako watu waliouawa vitani mwaka 1361 walizikwa kwa pamoja, baadhi wakiwa bado na deraya zao. Mifupa mingi ina majeraha miguuni, yaani upanga ulikata pale ambapo hapakuwa na chuma.

Kwa hiyo ndugu, acha upanga. Chukua rungu la chuma.

Mpinzani wa Kudumu
Naona sote tunaisifu gemu hii kupita kiasi. Nakubali kwamba imeepuka ile deraya ya ngozi yenye vichwa vya misumari, ambayo kwa maoni yangu ndiyo uzushi mkubwa kuliko wote katika gemu: vile vichwa vilikuwa ribiti za kushikilia mabamba yaliyojificha ndani ya kitambaa, na mwenye kuondoa mabamba akabakiza ribiti amebakiza mapambo. Nakubali pia kwamba inakulazimu kuvaa kwa matabaka, koti nene la kitani kwanza, kisha deraya ya pete za chuma zilizounganishwa, kisha mabamba. Lakini mhusika wako hubadilisha vazi zima porini kwa kufumba na kufumbua, kazi ambayo kwa kweli ilihitaji msaidizi wa kukaza mikanda. Tena toleo la kwanza halikuwa na upinde wa mtambo wala bunduki za mkono. Tulisubiri hadi toleo la pili, mwaka 2025, ilhali silaha hizo zilikuwepo Ulaya wakati huo.

Mlinzi wa Ngome
Nawashukuru. Jana nilijaribu rungu, na yule askari aliyenisumbua wiki nzima alianguka kwa mapigo matatu ya kichwa. Ila nami nilikuwa nimevaa chapeo ya kufunika uso, nikawa naona kwa upenyo mwembamba tu, na mwenzake akanijia kwa ubavuni nisimwone. Je, hilo nalo ni la kweli?

Msomaji wa Kale
Ni la kweli. Ndiyo maana kifuniko cha uso kilitengenezwa kiweze kuinuliwa, na wengi walikiinua ili waone na kupumua, hata mishale ikiwa bado inaruka.