Tupeane uzoefu: Ajira ilikufanya uendelee na shule au uiache?

Wana Tanga, habari za jioni. Nafundisha tuisheni hapa Mabawa. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, swali ni lile lile: "Mwalimu, nikisoma mpaka chuo, kazi ipo?" Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa 2022, lakini bado wapo wanaopangiwa shule na hawaripoti. Ninavyowaona, hawasubiri takwimu za ajira. Wanamtazama kaka aliyehitimu na bado anaishi kwa wazazi. Leteni yaliyowakuta.

Wa Chongoleani
Shikamoo mwalimu. Jiwe la msingi la bomba la mafuta la kutoka Hoima lilipowekwa kwetu 2017, mtaa mzima uliongea kazi tu. Baadaye nikaacha kidato cha tano, nikaingia kibarua cha ujenzi. Mzee alinuna. Nilichokiona huko ni kwamba zege likiisha, kibarua unarudi nyumbani, ila mchomeleaji mwenye cheti anahamishiwa kazi nyingine. Ile pesa ya kibarua ndiyo iliyonilipia ada ya chuo cha ufundi, VETA. Kwa hiyo kazi ilinitoa shule, na kazi hiyo hiyo ikanirudisha.

Dada wa Ngamiani
Mimi nina digrii ya ualimu na nauza barafu. Siku hizi walimu nao tunaitwa kwenye usaili, tunajaa ukumbini kwa nafasi chache. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, juzi kaniambia, "Dada, wewe umesoma, umepata nini?" Nilikosa jibu, na iliniuma kuliko kukosa ajira yenyewe.

Muheza
Boda, tangu kidato cha nne. Nalisha familia. Sijuti.

Bandarini
Zamani meli kubwa zilikaa mbali, mzigo ukaletwa na matishari. Sasa kina gatini kimetoka mita 3 hadi 13, meli zinafunga gati. Binamu yangu alitaka kuacha chuo, nikampeleka akaone kazi za uwakala wa forodha. Amebaki. Mkopo wa chuo wa Bodi ya Mikopo atakatwa asilimia 15 ya mshahara, anajua, na amekubali.

Mwanzisha mada
Dada wa Ngamiani, pole sana. Huyo mdogo wako mlete kwangu, tuisheni yake sitaki hela. Wa Chongoleani, Jumamosi naomba uje uongee na vijana wangu. Watatu wamepangiwa kidato cha tano na hawajaripoti.

Wa Chongoleani
Nitakuja, mwalimu. Nitakuja na cheti changu wakione.