Mjadala: Minnesota 2012, wapiga kura walichezewa au walijua wanachokifanya?

Wadau tulijadili hili kwa hoja, matusi hapana. Kuna jamaa yangu kashikilia kwamba ndoa za jinsia moja Marekani zililetwa na majaji tu, wananchi kila walipoulizwa walikataa. Kwa majimbo mengi yuko sahihi, hata California ile tunayoiona ya watu huru walipiga kura ya marufuku 2008. Ila Minnesota inamkatalia.

Minnesota ndoa hizo zilikuwa tayari haziruhusiwi. Jack Baker na Michael McConnell waliomba leseni ya ndoa Minneapolis 1970 wakanyimwa, wakaenda mpaka mahakama ya juu ya jimbo, 1971 wakashindwa, na 1997 bunge likatunga sheria ya kukataza waziwazi. Sasa 2011 Republican wameshika mabunge yote mawili wakaona sheria peke yake haitoshi, kesho atatokea jaji aifute, bora iingie kwenye katiba ya jimbo kabisa. Baraza la wawakilishi ikapita kura 70 kwa 62, wananchi wakaambiwa mtaamua Novemba 2012. Mmoja wa waliokataa ni John Kriesel, Republican, mwanajeshi aliyepoteza miguu yote miwili Iraq, akasimama bungeni akawaambia wenzake wa chama hilo silo alilokwenda kulipigania. Mimi huyo mtu namheshimu sana, maana kukisema chama chako mbele ya watu kuna gharama.

Matokeo ndiyo asilimia kama 47, hapana 51, na kule ukiacha sehemu hiyo tupu inahesabika hapana. Siku hiyohiyo Republican wakapoteza mabunge yote mawili. Halafu Mei 2013, hata mwaka haujaisha, bunge jipya likahalalisha ndoa hizo, gavana Mark Dayton akasaini, zikaanza Agosti 1.

Hapo ndipo jamaa yangu anapowaka, anasema watu waliambiwa pigeni hapana, haibadilishi chochote, sheria ipo palepale, kumbe mpango ulikuwa mwingine. Na kusema kweli hiyo hoja ina uzito, siwezi kuipuuza, kama kuna mzee wa kanisa kijijini aliyepiga hapana akijua anaacha mambo kama yalivyo ana haki ya kuumia.

Lakini walichezewa? Nakataa. Wabunge wale walichaguliwa kwa kura zilezile, siku ileile, na watu walewale, sio majaji. Tena waliiandika wazi kwamba inayozungumzwa ni ndoa ya kiserikali, hakuna kanisa wala msikiti unaolazimishwa kufungisha, na neno hilo la "kiserikali" liliingizwa kwa pendekezo la mbunge wa Republican, David FitzSimmons. Waliolianzisha ni wao waliotaka kuifunga katiba, wangeiacha sheria yao ya 1997 pengine ingedumu miaka kadhaa zaidi, ila walilazimisha kila nyumba ijadili mezani habari ya mtoto wao, shangazi yao, jirani yao, na mtu ukishamfikiria mtu unayemjua kwa jina kumfungia kwenye katiba kunakuwa kugumu. Haki ya mtu kupigiwa kura na majirani zake inaniuma, hata pale anaposhinda.

Sasa nyie mnaoamini ndoa ni ya mke na mume, na najua hapa mko wengi: sheria ya kukataza ipo tayari, karatasi iko mbele yako inakuuliza iingie kwenye katiba au isiingie, ungeweka tiki wapi na kwa nini?