Ploti moja, kampuni moja ya intaneti: haki ya mwenye nyumba, au kumfungia mpangaji?

Hoja: Nairobi, kuanzia mtaa wa Pipeline hadi Roysambu, kuna ploti (majengo ya kupangisha) ambazo mwenye nyumba ameruhusu kampuni moja tu kuingiza intaneti. Fundi wa kampuni nyingine akija, anarudishwa getini. Je, sheria ilazimishe kila ploti kufunguliwa kwa kampuni zote?

Mwenye ploti, Pipeline
Mimi napinga. Ploti ya ghorofa nane kila kampuni inaijia na drili yake, inatoboa ukuta na kupitisha waya nje ya madirisha. Mpangaji akihama, waya unaachwa ukining'inia. Akija mwingine, unavutwa mpya juu ya ule wa zamani. Maji ya mvua yanafuata tundu lisilozibwa hadi ndani, na gharama ya kupaka rangi ni ya mwenye nyumba. Kampuni ikiwa moja, najua wa kumpigia simu.

Fundi wa faiba, Kasarani
Mzee, matundu hayo ni tatizo la kweli, ila hayaletwi na wingi wa kampuni. Yanaletwa na jengo kukosa njia yake lenyewe. Pitisha paipu moja wima kutoka chini hadi juu, weka kisanduku cha faiba ghorofa ya chini, kisha kila nyumba ivutiwe kebo yenye nyuzi mbili za kioo. Nyumba moja inahitaji uzi mmoja tu: data inashuka kwa mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1490 na kupanda kwa 1310, hazigongani. Uzi wa pili ni wa akiba, au wa kampuni ya pili. Kampuni inaishia kwenye kisanduku, inachomeka pachi kodi (kebo fupi ya kuunganisha), inaondoka bila kugusa ukuta. Pesa nyingi inakwenda kwenye paipu na kazi ya fundi. Uzi wa ziada ni bei ndogo.

Lakini kisanduku hicho kisiwe mahali pa kurundika splita, vifaa vya kugawa mwanga wa uzi mmoja kwa nyuzi nyingi. Mwanga unatoka kwa kampuni ukiwa takriban +3 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga). Splita ya 1:32 inaondoa desibeli 17 hivi, kilomita kumi za faiba kama 3, viungio kama 1.5. Kinachofika nyumbani ni -18.5, safi kabisa. Mtu akiongeza splita ya 1:8 kwenye korido ili asivute kebo mpya, zinaondoka desibeli 10.5 nyingine. Unabaki na -29, na ONT (kifaa cha faiba cha nyumbani) za kawaida huishiwa nguvu ya kusoma karibu na -27. Taa ya LOS, ya kuonyesha mwanga umepotea, inawaka nyekundu, mpangaji anazima na kuwasha kifaa usiku kucha, na kifaa hakina kosa. Pia angalieni vichwa vya kebo: cha kijani kimekatwa mshazari wa digrii 8, cha buluu hakina mshazari huo. Ukivikutanisha, mwanga mwingi unapotea hapo hapo.

Mhandisi wa mitandao, Kilimani
Tuseme waziwazi. Katika ploti nyingi hiyo "kampuni moja" ni mtu aliyenunua laini ya Mbps 100, akaweka ruta ya MikroTik chini ya ngazi na kuvuta kebo za shaba za Cat5e hadi nyumba 40. Zote zikitumia kwa mpigo saa mbili usiku, kila moja inapata Mbps 2.5, ilhali video ya HD hutaka kama 5.

Kugawana kwenyewe si dhambi. Hata GPON, mfumo wa faiba ya nyumbani, ni Gbps 2.5 kwa nyumba 32 au 64, kwa kuwa si wote wanaopakua kwa wakati mmoja. Ubaya ni kugawana bila kupanga foleni: mmoja anapakua faili kubwa, data za majirani zinakwama kwenye bafa ya ruta (hifadhi yake ya kusubiria), ping (muda wa data kwenda na kurudi) inatoka milisekunde 10 inapita 500, simu ya video inakatika. Foleni za PCQ zinagawa sawa kwa kila nyumba, na MikroTik hiyo hiyo inazo.

Ubaya wa pili ni nyumba zote kuwa kwenye swichi moja bila VLAN, yaani bila kutenganishwa kimtandao. Mpangaji ananunua ruta yake, anachomeka waya wa ukutani kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) badala ya WAN (la intaneti inayoingia). Ruta inaanza kuwagawia majirani anwani zake. Simu za ghorofa nzima zinaonyesha zimeunganishwa, lakini hakuna kinachofunguka. Swichi inayokataa majibu ya DHCP (ugawaji huo wa anwani) kutoka milango ya wapangaji ingezuia hilo, au kila nyumba iingie kwa PPPoE, njia ya kuunganisha kila mteja kwa nywila yake. Na kuuza intaneti kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Mwenye ploti aiulizie kabla ya kutoa ufunguo.

Mpangaji, Roysambu
Na bei je? Anayejua mpangaji hana pa kwenda hana haraka ya kutuma fundi. Mji huu unaujua ukiritimba. Novemba 2000 kampuni za intaneti zilifungua KIXP, kituo cha kubadilishana data zao, hapa Nairobi ili data ya kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine isizunguke ng'ambo kwa setilaiti. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, KIXP ikazimwa. Ilirudi Februari 2002.

Msimamizi wa mitandao, South B
Naunga mkono kufungua, ila msiuze jambo hili kama kinga ya kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM ziliharibika, wateja wa kampuni mbalimbali wakaumia siku hiyo hiyo. Na kampuni mbili zikipita nguzo moja, lori moja linazikata zote. Anayetaka akiba achukue faiba na 4G.

Mwenye ploti, Pipeline
Kisanduku nakielewa. Nani atakilipia kwenye jengo lililokwisha kujengwa?

Fundi wa faiba, Kasarani
Jengo jipya, kaunti isipitishe ramani bila paipu hiyo. La zamani, kampuni ya kwanza iweke, itoze kila inayofuata ada ya mara moja. Ufunguo abaki nao mwenye nyumba, pamoja na daftari: nyumba gani, uzi gani, dBm ngapi siku ya kuunganishwa.

Mwenye ploti, Pipeline
Na nyaya za zamani ziondolewe na aliyezivuta, matundu yazibwe kwa saruji. Bila kipengele hicho siungi mkono.